Shamba Likiporomoka: Setilaiti Huona Nini?

Tetemeko kubwa zaidi kurekodiwa nchini Kenya lilitokea Subukia, mwaka wa 1928. Kakamega, hatari inayojulikana zaidi ni maporomoko: Agosti 2007, udongo uliwafukia watu Khuvasali. Katika mikasa yote miwili, picha za setilaiti husaidia kukadiria hasara mashambani.

Wataalamu hulinganisha picha ya kabla ya mkasa na ya baadaye. Majani yenye afya huakisi kwa wingi mwanga usioonekana kwa macho. Udongo uliofunuliwa huakisi kidogo. Mabadiliko hayo huonyesha palipoharibika. Mawingu yakitanda, setilaiti za rada hupenya na kupiga picha, hata usiku.

Setilaiti za Sentinel-2, ambazo picha zake hutolewa bila malipo, huonyesha eneo la mita 10 kwa 10 kama nukta moja. Ekari moja ni takriban nukta 40. Kwa hivyo, kishamba cha robo ekari Shinyalu ni nukta 10 tu, na mahindi yaliyochanganywa na maharagwe hayatenganishwi kwa urahisi. Tena, shamba lililovunwa laweza kufanana na lililofukiwa. Ng'ombe aliyekufa na mahindi ya ghalani hayaonekani kabisa.

Ndiyo maana afisa wa kilimo hulazimika kufika shambani. Mkulima akipata hasara:

• Akae mbali na mteremko uliopasuka.
• Apige picha akiwa mahali salama, na aandike tarehe, zao na ukubwa wa shamba.
• Aripoti kwa afisa wa kilimo wa wadi au chifu kabla ya kulima upya. Jembe likishapita, ushahidi hupotea.