Kiinua mgongo chatafuta kitanda: Benaco au Ngara mjini?

KIINUA mgongo kilikuwa benki na pikapu ilikuwa imejaa mafuta. Kwa bwana na bibi mmoja wa Biharamulo, yeye mtumishi mstaafu na mkewe mfanyabiashara wa maharage, Jumamosi hiyo ilipangwa kuwa ya matembezi matupu: kutoka mjini asubuhi, kupita Lusahunga na Nyakahura, kuona maporomoko ya Rusumo, kulala Ngara na kurudi kesho yake. Kwa miaka mingi hawajasafiri pamoja isipokuwa kwenye msiba au harusi. Hata hivyo, kila walipopita bango la nyumba ya kulala wageni mazungumzo yalirudi palepale. Fedha zile zijenge gesti? Na kama ni gesti, wapi?

Walianza kwa kuzunguka Boma la Wajerumani lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20. Bibi alitazama mandhari. Bwana alitazama paa, akauliza ukarabati wake utagharimu kiasi gani.

Kuna wakati safari kama hii isingefanywa na watu wawili ndani ya pikapu. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, misitu ya Biharamulo ilijulikana kwa majambazi, na mabasi yalisindikizwa na polisi wenye silaha. Leo sehemu ya misitu hiyo ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 4,707. Bibi alishikilia kwamba watalii watakuja na watahitaji vitanda. Bwana akamjibu kwamba tangu wavuke Lusahunga hajaona gari hata moja la watalii, ila malori ameacha kuyahesabu.

Malori ndiyo soko la barabara hii. Mizigo ya Rwanda hupita hapa kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rusumo, na ile ya Burundi huchepuka kuelekea Kabanga na Kobero. Njia hizo mbili huachana Benaco, mji mdogo wa mama lishe, mafundi wa matairi na gesti za madereva na taniboi wao.

Rusumo walifika saa sita. Mto Kagera hushuka hapo kwa takriban mita 15 kati ya vilima, na anayesimama darajani anaona Tanzania upande mmoja na Rwanda upande wa pili. Bibi alisema hajui kwa nini walichelewa miaka yote hiyo kuja kupaona. Karibu na hapo upo mradi wa umeme wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana sawa kwa sawa.

Lakini daraja hilo lina somo la biashara ambalo wajenzi wengi wa gesti hawalitazami. Daraja jipya na kituo cha pamoja cha forodha vilizinduliwa Aprili 2016 ili lori likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Ni neema kwa mwenye mzigo. Kwa mwenye kitanda ni habari nyingine, maana dereva anayepita mpakani haraka halali mpakani. Aidha, mwaka 2018 Tanzania na Rwanda zilikubaliana kuhusu reli ya kisasa kutoka Isaka hadi Kigali. Siku reli hiyo itakapojengwa, sehemu ya mizigo itaihama barabara.

Benaco yenyewe iliwahi kuonja soko linalokuja na kuondoka. Mwishoni mwa Aprili 1994 inakadiriwa Wanyarwanda 250,000 walivuka Rusumo ndani ya saa 24, wakikimbia vita na mauaji, na kambi ya Benaco ikawa kama jiji. Wafanyakazi wa misaada walihitaji nyumba, chakula na magari. Desemba 1996 wakimbizi wakarejeshwa kwao, na wateja wakaondoka nao.

Hesabu ilifanyika mezani Benaco, juu ya karatasi ya kufungia maandazi. Waliweka vyumba 10 kwa sh. 15,000 kila kimoja, ujenzi wa sh. milioni 60, na gharama za mwezi za sh. milioni moja kwa wafanyakazi, maji, umeme, sabuni na ushuru. Vikilala wageni vyumba vitano kila siku, mwezi unaingiza sh. milioni 2.25, inabaki milioni 1.25, na mtaji unarudi kwa miaka minne. Vikilala vitatu, inabaki sh. 350,000 tu. Mtaji utarudi baada ya miaka zaidi ya 14.

“Baba, miaka 14 tutakuwa wapi?” aliuliza bibi. Bwana alikunja karatasi akaitia mfukoni.

Jioni walipanda vilima vya Ngara kati ya migomba na kahawa, baridi ikianza. Hapa hoja ilikuwa nikeli ya Kabanga. Madini hayo yalichunguzwa tangu miaka ya 1970, na leseni maalumu ya uchimbaji ilitolewa Oktoba 2021. Anayejenga Ngara mjini anajenga kwa kutazamia mgodi, na Biharamulo wanakumbuka Tulawaka: dhahabu ilianza kuchimbwa mwaka 2005, na mwaka 2013 mwekezaji akaukabidhi mgodi kwa STAMICO.

Gesti waliyolala ilikuwa safi, yenye maji ya moto ya ndoo na blanketi zito. Alfajiri bibi alitoka kuomba chai. Nyuma ya meza ya mapokezi aliona ubao wa funguo, akazihesabu kimya. Vyumba vilikuwa 12. Funguo saba zilikuwa bado zinaning'inia.

Kabla ya kuondoka walikuwa wamekubaliana jambo moja: hawatanunua kiwanja mwaka huu. Watatafuta gesti ya kukodi kwa miezi 12, kwa fedha isiyozidi robo ya kiinua mgongo, na bibi ndiye atakayeshika daftari. Mji gani, hawakuafikiana. Walipofika Benaco hawakushuka kula. Bwana aliegesha pembeni, bibi akatoa kalamu, wakaanza kuhesabu malori yaliyolala.