Kabla Hujapiga Windows Mpya

Mtu akinipigia kwamba kompyuta ya nyumbani imemkataa, simuulizi kama amesahau nywila. Namuuliza: kioo kimeandika nini? Wengi hawajui. Wameona maandishi ya Kiingereza, wakayafunga, wakajaribu tena, yakarudi, wakayafunga tena. Basi nawaomba wapige picha wanitumie kwa WhatsApp, na mara nyingi picha hiyo ni nusu ya kazi. Windows ikimnyima mtu ruhusa ya kuingia, kwa kawaida husema sababu, na kusahau ni sababu moja tu kati ya nyingi.

Kazi zangu nazifanyia Tanga mjini, majumbani mwa watu kuliko dukani. Mama mmoja wa Chumbageni, mweka hazina wa kikoba, aliniita akiwa ameshaambiwa na kijana wa jirani kwamba dawa ni kupiga Windows mpya. Hesabu za wanachama, nani kakopa, nani karejesha, nani anakwepa, zote zilikuwa ndani ya laptopu ile na si penginepo.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Hebu njoo uone mwenyewe. PIN ni ileile ya siku zote, leo hii inaniambia haitaki.”

Haikusema haitaki. Iliandika kwamba njia hiyo ya kuingia imezimwa kwa sababu ya majaribio yaliyokosewa au mashine kuzimika mara kwa mara, kwa hiyo atumie njia nyingine, au aiache ikiwaka kwa angalau saa 2 kisha ajaribu tena.

Hapo kwenye kuzimika ndipo nilipoacha kioo nikaanza kufuata waya. Betri ilikuwa imekufa siku nyingi, laptopu inaishi kwa umeme wa ukutani, na wiki ile umeme ulikuwa ukikatika na kurudi, ukikatika na kurudi. Sasa, kompyuta za miaka ya karibuni zina chipu ndogo ya ulinzi iitwayo TPM, ambayo ndiyo inayoilinda PIN. Chipu hiyo huhesabu makosa, na mashine ikizimika ghafla bila kuzimwa kwa utaratibu, inaweza kulihesabu tukio hilo kana kwamba mtu amebahatisha namba akakosea. Haina macho ya kutofautisha mwizi na nyumba iliyokatikiwa umeme. Hesabu ikijaa, inafunga. Mama wa watu, kama ambavyo ungefanya wewe au mimi, alipoambiwa asubiri akazima akawasha, akazima tena, na muda wa kusubiri haupungui mashine ikiwa imezimwa.

Nikamuuliza nywila ya akaunti yenyewe, kwa kuwa hiyo haihusiani na kifungo cha PIN. Akacheka. Aliyemfungulia akaunti ni kijana wa duka alikonunua, tena kwa barua pepe ya kijana na namba ya simu ya kijana. Naye keshaacha kazi pale dukani.

Hatukuwa na njia ila kuketi. Tuliazima UPS kwa jirani, tukachomeka laptopu, tukaiacha inawaka. Mama akapika mihogo ya nazi, akanisimulia visa vya wakopaji wa kikoba ambavyo nikiviandika hapa watu wataachana. Muda ulipotimia PIN ileile ikakubali. Kabla ya lingine lolote nilinakili hesabu kwenye flashi mbili, kisha tukamfungulia akaunti ya jina lake. Fundi anayekimbilia kupiga Windows bila kusoma kilichoandikwa angemfutia kikundi kizima kumbukumbu zake, na malipo angedai.

Hili la akaunti kuwa ya mtu mwingine ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu watu hawaligundui mpaka siku ya shida. PIN hukaa katika mashine hiyo moja tu. Nywila ya akaunti ya Microsoft hutambuliwa na mitambo ya Microsoft huko iliko, na ukiisahau unaibadilisha kwa simu yoyote yenye intaneti, mradi ujumbe wa uthibitisho uje kwenye laini yako au barua pepe yako. Laini ikiwa ya kijana wa dukani, ujumbe unaenda kwake. Ikiwa ni laini yako ya zamani uliyoitupa, huenda namba imeshapewa mtu mwingine. Unaweza kuomba kubadilisha taarifa hizo zote, ila Microsoft itakusubirisha siku 30. Ingia leo, wakati bado unaingia, uangalie ni namba ya nani imeandikwa.

Ukishabadilisha nywila kwa simu, kompyuta haitaijua mpaka iunganishwe na intaneti. Watu hubadilisha, wakaenda kujaribu nyumbani bila bando, ikakataa, wakanipigia wakilalamika. Alama ya mtandao iko palepale kwenye ukurasa wa kuingilia, chini kulia. Angalia na tarehe pia. Kwenye kompyuta kubwa za mezani kuna betri ya duara ya volti 3, CR2032, inayotunza saa. Ikifa, mashine inaamka ikidhani ni miaka mingi iliyopita, na mawasiliano salama ya mtandao yanagoma. Betri hiyo haina gharama ya kumtisha mtu.

Akaunti isiyo ya mtandaoni ina maswali ya siri, yaliyoletwa katika Windows 10 mwaka 2018. Kama uliyajibu kweli, yatakufungulia. Kama uliandika upuuzi, tafuta akaunti nyingine ya msimamizi kwenye mashine hiyohiyo.

Kibodi nayo ina vituko vyake. Laptopu za mtumba kutoka Ujerumani zina Z mahali pa Y. Ukurasa wa kuingilia una mpangilio wake wa kibodi, ambao si lazima uwe sawa na wa ndani, kwa hiyo mwenye nywila inayoanza na Zainabu anaandika Yainabu na nukta nyeusi hazimwambii kitu. Bonyeza alama ya jicho uone ulichoandika, kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na kile kirefu cha nafasi ubadilishe mpangilio. Ukikosea PIN mara kadhaa utaambiwa uandike A1B2C3. Si adhabu: inataka kujua kama vitufe vinafanya kazi.

Kuna kioo kimoja tu ninachokiheshimu, cha bluu, kinachoomba tarakimu 48. Hiyo ni BitLocker, diski imefungwa kwa msimbo, na hata nikiing'oa nikaichomeka kwenye mashine nyingine sisomi kitu. Tarakimu hizo kwa kawaida zimehifadhiwa kwenye akaunti iliyotumika kuianzisha kompyuta. Julai 2024, sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, lilipoangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, mafundi wa makampuni makubwa walizihangaikia tarakimu hizi, mashine baada ya mashine. Nawe ukiwa na akaunti ya kijana wa dukani, mtafute kijana.

Mwisho ni mtumba ulioandikishwa kwa kampuni. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji aifute mbele yako na kuianzisha upya ikiwa na intaneti. Ikikukaribisha kwa jina la kampuni ya Ulaya na kuomba barua pepe ya kazini, hapo hakuna tatizo la nywila. Wenyewe hawajaiachia. Mrudishie muuzaji, usiniletee.