Slagi si marisawa

Mkulima mmoja wa Matombo aliniletea shotigani ya marehemu baba yake, ya mitutu miwili, kongwe lakini imetunzwa. Nguruwe pori walikuwa wanammalizia mihogo. Leseni yake ilikuwa hai, kibali cha afisa wanyamapori wa wilaya kiko mkononi, na mfukoni alikuwa na slagi. Alitaka kujua jambo moja tu: alenge wapi? Nikamwambia twende kwanza tukaiulize bunduki yenyewe.

Shotigani imezaliwa kwa ajili ya marisawa. Ukimpiga kanga, chembe zaidi ya 200 hutawanyika hewani, na mkono ukikosea kidogo wingi wa chembe unakufichia. Slagi ni bonge moja la madini ya risasi, gramu 28 hivi, linalotoka kwenye mtutu wenye kipenyo cha milimita 18.5. Halina wa kulisaidia. Mjerumani Wilhelm Brenneke alibuni yake mwaka 1898, na Wamarekani wa majimbo tambarare yenye watu wengi, kama Illinois na Ohio, walitumia slagi miaka mingi kuwindia kulungu kwa sababu risasi ya raifo huenda mbali mno.

Cha kwanza kutazama ni mdomo wa mtutu. Shotigani nyingi za zamani zina mtutu mmoja uliobanwa sana mdomoni ili marisawa yasitawanyike mapema. Mbano huo hauifai slagi: unaiminya, shabaha inaharibika, na mtutu unapata shinikizo lisilo la lazima. Tumia mtutu ulio wazi zaidi. Na asikudanganye mtu ukatumbukiza gololi au kipande cha nondo kama wafanyavyo wenye magobore. Mtutu ukipasuka, mkono wa mbele ndio unaoondoka.

Halafu kuna jicho. Shotigani ina kishanga kidogo cha shaba mdomoni, basi. Nyuma hakuna kitu. Jicho lako ndilo shabaha ya nyuma. Ukiinua shavu kwenye kitako hata kwa unene wa kidole, risasi inapita juu. Bunduki iliyochongwa kitako kwa kimo cha baba haimkai mwanawe vilevile, na hapa ndipo watu wengi wanaponiona msumbufu.

Tulisimamisha boksi mbele ya ukingo wa udongo, hatua 40, bunduki imeegemezwa kwenye kiroba cha mchanga. Mtutu wa kushoto ulitoboa matundu matatu ambayo ungeyafunika kwa sahani ya chai. Wa kulia ulipiga kiganja kizima pembeni, mara tatu, palepale. Mkulima akaingiza kidole kwenye tundu moja baada ya jingine, kimya. Mitutu hii iliunganishwa kwa hesabu ya marisawa, na slagi hailazimiki kuifuata. Tukakubaliana: wa kushoto tu, na asizidishe hatua hizo 40. Hata bunduki iliyorekebishwa kupiga sawasawa kwenye mita 50, ikifika mita 100 slagi imeshashuka karibu shibiri.

Ila ikimkosa mnyama haisimami hapo. Inaendelea mita mia kadhaa, na kwenye miteremko ya Uluguru, kama ya Matombo, nyumba ya jirani huwa chini ya shamba lako na njia ya wachota maji iko chini zaidi. Ndiyo maana ninalipenda dungu. Aliye juu ya dungu analenga chini, na risasi inayokosa inazikwa kwenye udongo wake mwenyewe.

Tusichanganye mambo: leseni ya silaha, chini ya sheria ya mwaka 2015, si ruhusa ya kuwinda. Kuwinda kuna vibali vyake chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Na ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyotangazwa 2008, usipeleke bunduki kabisa. Minde na funo waliobaki msituni humo wana maadui wa kutosha.

Yule mkulima alirudi Matombo, akapima hatua 40 kutoka kwenye dungu lake kuelekea upande wa mlima, akachomeka kijiti chenye kitambaa cheupe. Nguruwe akiwa ng'ambo ya kijiti, anapiga debe kumfukuza.