Wingi, Njeo na Kihusishi katika Sentensi ya Kiingereza
Katika sentensi ya Kiingereza "The boys laughed at the teachers", "-s" hudokeza wingi wa nomino, "-ed" njeo iliyopita, na "at" huunganisha kitenzi na yambwa. Kitenzi chenyewe hakipatani na kiima kwa idadi. Katika njeo hiyo, "be" pekee hutofautisha "was" na "were". Kiswahili hukusanya dhima hizo kitenzini: "Wavulana waliwacheka walimu". Katika kauli ya kutendwa, "The teachers were laughed at", nomino huhama lakini kihusishi husalia na kitenzi. Basi mwanafunzi Mswahili anayeandika "laughed the teachers" hajakosa msamiati. Amefuata uelekezi wa "cheka", kitenzi kisichohitaji kihusishi.