Karagwe ya Rumanyika kwenye ubao wa kiganja

Ukisimama Murongo, pale daraja linapovuka mto Kagera kwenda Uganda, uko kwenye nchi iliyokuwa ufalme wa Karagwe. Makao ya mfalme yalikuwa Bweranyange. Wazungu wawili, Speke na Grant, walifika kwa Mfalme Rumanyika Novemba 1861. Speke akaondoka Januari, Grant akabaki mpaka Aprili kwa ajili ya kidonda cha mguu. Grant alikuwa anachora. Kwa hiyo kidonda kile kina mchango wake katika historia yetu!

Kitabu cha Speke kilitoka 1863, na picha zake zilichapwa kwa ubao. Kwa nini ubao? Enzi hizo hakukuwa na njia ya kuchapa fotografia moja kwa moja pamoja na maandishi. Mchongaji alifukua sehemu za kubaki nyeupe, na mistari iliyobaki juu ndiyo ilipakwa wino, kama muhuri wa serikali ya kijiji. Herufi za risasi nazo hupokea wino hivyohivyo, basi vyote vinabanwa pamoja na kuchapwa kwa mpigo mmoja.

Mti uliopendwa ni Buxus, uliokatwa kwa kukingama, kama unavyoona uso wa kisiki. Hapo nyuzi za mti zinasimama wima, kifaa cha kuchongea hakivutwi pembeni, na mstari unaweza kuwa mwembamba kama unywele. Shida ni kwamba Buxus hukua polepole na shina lake ni jembamba. Kipande kimoja hakizidi sana kiganja chako. Picha kubwa ziliungwa kwa vipande.

Sasa angalia safari ya picha. Michoro ya Grant ilichorwa upya na Johann Zwecker, msanii aliyekuwa London, kisha ikachongwa na mtu mwingine. Hao wawili hawakuwemo kwenye msafara. Na ubao hauna “labda”: kila nukta ina wino au haina. Penseli ikiwa imefifia, ni lazima mtu aamue kama ile ni nyumba, ua au migomba. Tena kila kitu kilichongwa kinyume, kushoto kuwa kulia, ili kigeuke kikichapwa.

Kwa hiyo usihesabu nyumba za Karagwe kwenye chapa ile ukaziandika kwenye tasnifu. Michoro ya mkono ya Grant ipo, Maktaba ya Taifa ya Uskoti, Edinburgh. Anza na hiyo, halafu tazama London iliongeza nini.