Nyanya Ndefu Zipunguzwe Machipukizi

Ndugu wakulima wa Ngara na Biharamulo, kitalu nyumba ni banda la nailoni la kulimia mboga. Majani ya nyanya yakilowa na mvua, ukungu huyashika. Banda huzuia mvua hiyo. Lakini banda ni ghali. Ndiyo maana ndani yake tunapanda nyanya ndefu, kama Anna F1. Hiyo haiachi kurefuka, na huzaa kichala juu ya kichala kwa miezi kadhaa.

Nyanya hii ina nguvu. Tukiiacha hivi hivi itakuwa kichaka. Majani yatajaa, hewa haitapita, na ukungu utatufuata humo humo bandani. Gharama yetu itapotea.

Sasa tufanye nini? Tuache shina moja tu, tulifunge kwa kamba inayoning'inia toka juu. Kila wiki tuvunje machipukizi yanayotoka kwenye kwapa la jani, yakiwa bado mafupi kama kidole. Tuvunje asubuhi, kidonda kikauke mapema. Mvuta sigara anawe mikono kwanza, maana tumbaku huambukiza nyanya ugonjwa. Tena tusizidishe urea, huleta majani tu.

Tusilionee huruma chipukizi. Linakula chakula cha matunda.