Je, Wajua? Kamba Mwekundu wa Naivasha

Ziwa Naivasha halikuwa na kamba hata mmoja hadi mwaka 1970. Ndipo alipoletwa kamba mwekundu, Procambarus clarkii, ambaye asili yake ni mabwawa ya Louisiana na kaskazini mwa Meksiko. Alitokea Uganda, alikokuwa amepandikizwa katika miaka ya 1960. Lengo lilikuwa biashara, na kwa miaka michache biashara ilinoga kweli: mamia ya tani zilivuliwa kwa mwaka, nyingi zikapelekwa Ulaya, ambako ugonjwa wa ukungu ulikuwa umewaangamiza kamba wa asili wa huko.

Gharama ilionekana baadaye. Kamba huyu hula karibu kila kitu: majani, mizizi, konokono, wadudu wa majini, mayai ya samaki, mizoga, hata kamba wenzake wadogo. Kufikia mapema miaka ya 1980, mayungiyungi ya bluu na mimea iliyoota chini ya maji ilikuwa imetoweka karibu ziwa zima. Samaki wakakosa pa kujificha na kuzalia, na ndege waliotegemea mimea hiyo wakahama. Wavuvi nao walivuta nyavu wakakuta samaki wametafunwa humohumo. Katika vijito vya Mto Malewa, unaolisha ziwa, kaa wa asili wa maji baridi walipungua pale mgeni alipofika.

Siri ya uhodari wake imo ardhini. Maji yakikauka huchimba shimo kwenye tope na kusubiri humo, na usiku wa mvua anaweza kutoka na kutembea nchi kavu akitafuta dimbwi jingine. Jike hubeba mamia ya mayai chini ya mkia, akikaa shimoni mpaka vitoto vianguliwe na kuanza kujitegemea. Chakula kikiwepo na maji yakiwa na joto, vitoto hivyo hukomaa kwa miezi michache tu.

Kumvua si kazi ngumu. Mtego wa waya wenye mdomo unaosinyaa kuelekea ndani, chambo cha kichwa au matumbo ya samaki, kisha uzamishwe jioni kando ya mafunjo. Kamba hutafuta chakula gizani kwa kunusa. Alfajiri mtego huwa umejaa magando. Mshike mgongoni, nyuma ya magando, hapo hawezi kukufikia.

Jikoni, waoshe mara kadhaa, watupe waliokufa wenyewe kabla ya kupikwa, kisha watumbukize waliobaki katika maji yanayotokota yenye chumvi, pilipili na ndimu. Rangi yao ya damu ya mzee hugeuka nyekundu ya kuwaka, kwa sababu moto huvunja protini iliyokuwa imeificha rangi hiyo ndani ya gamba. Pindua mkia uuchomoe, toa ule mshipa mweusi, na utabaki na kipande cha nyama tamu, ingawa ni kidogo kulingana na mwili wake. Waive vizuri kabisa: kamba wa maji baridi aliye mbichi anaweza kubeba minyoo ya mapafu. Wala usile waliovuliwa kwenye mtaro wa maji taka au wa kiwanda, maana sumu za madini hukusanyika mwilini mwao.

Basi, tukimla sana, atakwisha? Ningependa iwe hivyo, lakini mtego hunasa wakubwa, majike wenye mayai wamo mashimoni, na kila mkubwa anayeondolewa huwaachia wadogo chakula na nafasi, tena huwapunguzia adui. Naivasha yenyewe, hata kwa mavuno ya miaka ya 1970, haikummaliza. Idadi yake imepanda na kushuka pamoja na kina cha maji, mimea, na samaki wageni wanaomla.

Hatari kubwa zaidi ni pesa. Hispania ilimpandikiza mwaka 1973, na mji wa Isla Mayor, katika mashamba ya mpunga ya Mto Guadalquivir, ukajenga maisha yake juu yake. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipobana biashara hiyo mwaka 2016 kwa ajili ya kulinda mazingira, wenyeji waliandamana, na mwaka 2018 sheria ikarekebishwa. Mnyama akishakuwa riziki ya watu, hakuna anayetaka aishe, na jirani naye hutamani kufuga wake.

Hapa kwetu Kenya kishawishi ni kikubwa zaidi, kwa kuwa kamba huyu hula konokono wanaobeba kichocho. Watafiti walipomweka katika mabwawa madogo ya Machakos, konokono walipungua sana, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha baadhi ya watoto wa huko wakiambukizwa kichocho kidogo kuliko wenzao. Hiyo ni faida ya kweli kwa mtoto anayekojoa damu. Hata hivyo kamba hakai alipowekwa. Amekwisha kuonekana katika Mto Ewaso Ng'iro, mbali na Naivasha.

Kwa hiyo tumle, ila palepale alipo. Achemshwe au agandishwe ufukweni kabla ya kupakiwa, na bei ilipwe kwa aliyekwisha kuchemshwa au kugandishwa tu. Ndoo ya kamba hai kwenye buti la gari, hata kama inaelekea hotelini, inatosha kuanzisha Naivasha nyingine kwenye mto wowote njiani.